Kiingereza cha Sista Bernadeta

Stesheneri ya Kimataifa,
Ng'ambo, Tabora
3 Juni 2024

Mke wangu Koleta, mwenye shingo ya korongo,

Umeona wapi mwanamke akamkimbia mume mwenye kompyuta na printa ya rangi, akaenda kuolewa na kengele? Unaamshwa kwa kengele, unakula kwa kengele, unanyamaza kwa kengele. Mimi ningekuamsha kwa chai ya tangawizi. Lakini sawa, nenda ukachoke. Mlango wangu haufungwi. Ng'ombe wa mahari niliomwahidi marehemu mjomba Raymundi wangali wananenepa kule Itetemia, ingawa ng'ombe wenyewe ni wa jirani.

Simu yako naambiwa imefungiwa kabatini. Ndiyo maana mimi, mtu niliyeendesha lori kutoka Kigoma mpaka Lubumbashi, niliyegombana na askari wa forodha wa nchi nne kwa lugha zao na nikawashinda wote, leo nainamia karatasi na kalamu kama karani wa misafara ya pembe. Majidi, kondakta wa basi la Kaliua, ndiye tarishi wetu. Ataishusha hii getini kwenu na ya kwako ataipokea hapo hapo.

Sasa kazi. Tangu uondoke, kibao changu kimekuwa uongo mtupu. Unakijua: KIINGEREZA CHAKO KIMEPINDA? TUKINYOOSHE. Watu wa Ng'ambo wanadhani mnyooshaji ni mimi kwa sababu ya suti na miwani, na sikuona haja ya kuwakatisha tamaa. Hawajui kwamba wewe ndiye uliyekuwa ukitoka kufundisha jioni, unaketi nyuma ya pazia na kalamu yako nyekundu. Mimi kazi yangu ilikuwa kupokea karatasi, kuvua miwani na kusema, "Mmh, hapa pana tatizo." Hiyo mmh bado ninayo. Kilichokuwa kinafuata baada ya mmh ndicho kimeingia utawani.

Juzi kaja bwana mmoja anayeomba kazi ya ulinzi kwenye maghala ya tumbaku. Kiingereza chake, ukikirudisha kwa lugha ya Mungu, kinasema: "Kwa unyenyekevu mkubwa nakuvamia kwa ombi hili, nikitumaini utaangukia mikononi mwangu." Na huyo ni mlinzi! Nilitoa hapo kwenye kuvamia nikaweka neno nililolisikia Tunduma. Mabruki fundi cherehani, jirani yangu, akasema limezidi ubaya, na Mabruki Kiingereza chake chote ni vipimo vya kiuno. Nimekukunjia barua hiyo humu na nyingine mbili. Ninyooshee, mke wangu, kwa heshima ya ndoa yetu.

Mama yako Apolinaria ni mzima. Analia Jumapili tu.

Mumeo asiyekubali talaka,
Valentino Shigela,
Mkurugenzi


Nyumba ya Wanovisi,
Njia ya Kaliua
17 Juni 2024

Mume wangu wa mdomo,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimecheka mpaka mwenzangu wa kitanda cha pili akauliza kama naumwa. Heri kengele kuliko wewe. Kengele ikishalia hunyamaza, na haijawahi kuazima ng'ombe wa jirani ikajitapa nao.

Barua tatu nimezinyoosha, zimo humu. Mwambie mlinzi wako aseme anaomba kazi, aseme alilinda wapi kabla, aseme halewi, aweke jina. Kiingereza hakitaki kupambwa kama bibi harusi. Ukikipamba sana kinajikwaa kwenye shela lake chenyewe. Na wewe usiongeze neno hata moja la Tunduma. Nakufahamu.

Hata huku kalamu nyekundu imenifuata. Mlezi wetu, Sista Bernadeta, alisikia nilikuwa mwalimu wa Kiingereza. Yeye ndiye huandika barua kwa wafadhili wa shirika kule Ulaya, basi akanipa ya mwaka huu akasema, "Hebu itupie jicho." Nikaketi nayo kama nilivyokuwa naketi nyuma ya pazia lako. Sentensi zake, Valentino! Kichwa kimefika Urambo, mkia ungali stesheni ya Tabora. Mahali pamoja alitaka kuwashukuru kwa kututunza wakati wa ukame, lakini ilivyokaa, aliwashukuru kwa ukame wenyewe. Niliweka alama nyekundu kurasa zote, na pembeni nikaandika sababu ya kila moja, kama nilivyokuwa nikiwafanyia wanafunzi. Nikamrudishia wakati wa chakula cha mchana, masista wote wakiwa mezani. Akazifunua moja moja. Akasema, "Ahsante, mwanangu. Sikujua kuwa mimi ni mjinga kiasi hiki." Meza nzima ikacheka, na yeye akacheka. Ni mtu mnyenyekevu sana. Natamani siku moja nifike alipofika.

Jambo moja, binamu. Barua zetu, zinazoingia na zinazotoka, mlezi huzifungua na kuzisoma kwanza. Ndiyo kanuni ya nyumba. Hata hii ataisoma. (Shikamoo, Sista.) Kwa hiyo punguza. Najua mtani hapunguziwi, na mimi mwenyewe nimekujibu kwa sababu nikinyamaza utanidai kuku. Lakini tarehe 8 Desemba natarajia kufunga nadhiri zangu za kwanza. Nina miaka thelathini na mitatu. Mashirika mawili yalinikataa kwa umri, hili likanifungulia mlango. Niliacha kazi ya serikali, nikamwacha mama peke yake, kwa ajili ya siku hiyo moja. Hakuna kitu kingine ninachokitaka duniani.

Msalimie mama. Mwambie alie na Jumatano, Jumapili peke yake haitoshi.

Binamu yako,
Koleta


Ng'ambo, Tabora
1 Julai 2024

Mke wangu Koleta, na wewe Sista unayefungua bahasha za watu,

Karibu, Sista! Karibu ndani ya ndoa yetu, vuta kigoda. Nyumba yenye mume, mke na msomaji haiwezi kukosa mazungumzo. Nasikia Kiingereza chako kinamshukuru mfadhili kwa ukame. Usione haya. Hata treni ya reli ya kati huacha njia, na ile ina mafundi. Ukipita Tabora niletee karatasi zako, masista na vilema nawanyooshea bure.

Koleta, mlinzi amepata kazi! Amekuja hapa na sare na kirungu kunishukuru. Nimempokea kwa unyenyekevu, nikavua miwani, nikasema mmh.

Unasema nipunguze. Nipunguze nini? Nimpunguze mke? Umesahau kwa bibi Itetemia tulivyolazwa mkeka mmoja, ukanilowesha mpaka shingoni? Siku ile ndipo ulipoolewa. Hakuna askofu anayeweza kuifungua ndoa iliyofungwa kwa mkojo. Na hiyo tarehe 8 Desemba nimeiandika ukutani kwa makaa. Nitakuja na ngoma, nitakuja na ng'ombe wa jirani, nitasimama katikati ya mlango wa kanisa niseme: "Simameni! Huyu ana mwenyewe!" Padre hatapita, askofu hatapita, mpaka nipewe changu. Wenzako wataenda mbinguni, wewe utarudi Ng'ambo kupiga pasi suti yangu.

Kwa sura hiyo hata hivyo nani mwingine angekuchukua? Masista wamekupokea kwa sababu vazi lao linafunika.

Mumeo mpaka kiama,
Valentino Shigela

Nimekukunjia barua nne nyingine. Kuna ya mwalimu mkuu, hiyo ndiyo imepinda kuliko zote.


Nyumba ya Wanovisi,
Njia ya Kaliua
15 Julai 2024

Ndugu Valentino Shigela,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimesoma barua zako mbili. Kazi yangu ni kuhakikisha kuwa anayekaribia nadhiri hana kifungo cha ndoa wala ahadi ya ndoa na mtu yeyote. Naomba basi unieleze kwa maandishi kama wewe ni mume wa Koleta Raymundi, na kama ni mume, ni kwa kanisa, kwa serikali au kwa mila. Nieleze mahari unayoitaja ilipokelewa na nani. Nieleze kwa nini yeye mwenyewe, kwa mkono wake, alikuita mume wake katika barua niliyoisoma na kuiruhusu ipite. Nieleze pia kama unakusudia kweli kuzuia ibada takatifu kwa ngoma na mifugo.

Majibu yako nitayapeleka kwenye halmashauri ya shirika, ambayo makao yake yako nje ya nchi.

Barua nne ulizotuma nimezizuia. Novisi si karani wa duka.

Nakushukuru pia kwa ushauri wako kuhusu Kiingereza changu. Umenifikia.

Katika Kristo,
Sista Bernadeta,
Mlezi wa Wanovisi


Nyumba ya Wanovisi
22 Julai 2024

Valentino,

Safari hii hakuna utani humu, usiutafute.

Nimeondolewa ofisini. Sasa niko bandani, kwa nguruwe. Silalamiki, kazi ni kazi, na nguruwe hawana sentensi ndefu. Lakini Sista ananiita kila mara kuhusu wewe. Nimemweleza kwamba mama yako ni dada wa baba yangu, kwamba Mnyamwezi na mtoto wa shangazi yake ni watani tangu kuzaliwa, wanaitana mume na mke, wanatukanana mbele ya wakwe, na hakuna anayedhani ni kweli. Ananisikiliza kwa upole. Anaandika. Kisha ananiuliza upya swali lile lile, kana kwamba sijasema kitu. Anasema desturi ya namna hiyo hajawahi kuisikia.

Sijui kwao ni wapi, huku hatuulizani makabila. Lazima kwao hawana utani. Na ukimpa mtu asiyejua utani barua zako azisome, Valentino, hata mimi ningeogopa. Simlaumu hata kidogo.

Sasa nisikilize. Nadhiri zangu ziko mikononi mwa halmashauri, na halmashauri inangoja karatasi yako. Andika barua fupi. Sema wewe ni binamu yangu, hujanioa, hujawahi kutoa mahari, hutakuja na ngoma. Mama atie sahihi, na mwenyekiti wa jumuiya pia. Andika kwa Kiswahili, Sista atatafsiri mwenyewe.

Usiandike kwa Kiingereza. Nakusihi, mtoto wa shangazi. Usiandike kwa Kiingereza.

Koleta


Ng'ambo, Tabora
5 Agosti 2024

Koleta, mke w... haya, Koleta,

Tulia. Imekwisha. Barua imeondoka na Majidi asubuhi, na ninakuambia, tangu reli ifike Tabora haijapata kubeba barua kama ile, wala basi.

Nimeandika kwa Kiingereza.

Usipige kelele, utawatisha nguruwe. Fikiri kama mtu aliyevuka mipaka. Halmashauri yenu iko nje, wao watasoma nini, Kiswahili? Atafsiri Sista? Yule yule anayeshukuru kwa ukame? Nikakaa nikasema, hapana, binamu yangu hawezi kutundikwa kwenye Kiingereza cha yule mama. Mpakani ukienda na karatasi ya lugha ya nyumbani unalala mpakani. Ukienda na Kiingereza, hata kikiwa kibovu, wanapiga muhuri kwa woga.

Kwa hiyo nimejifungia, nimefunga duka mchana kweupe watu wanagonga, nikaandika kurasa nne. Nimeanza kwa salamu za kibalozi. Halafu nimewapa historia. Nimewaeleza kwamba babu zetu walibeba pembe begani kutoka Ujiji kupita hapa Tabora mpaka pwani, njia nzima wakipita kwenye nchi za watu, na kwamba hawakupita kwa bunduki, walipita kwa matusi. Kwamba mtu ukishamtukana akakutukana, hawezi tena kukunyima maji, na ukifa njiani yeye ndiye atakayekuchimbia kaburi, huku anakusema kwa uzito wako. Kwamba utani huo huo tuliurudisha nyumbani tukauweka kati ya mtu na binamu yake, ili awepo mtu mmoja duniani anayeweza kukuambia chochote na bado akaja msibani kwako. Nimesema Koleta hajawahi kuwa mke wangu ila kwa mdomo, na kwamba mdomo wangu umeoa nusu ya mkoa. Koleta, hapo nilitoa machozi. Mabruki aliniuliza nini, nikamwambia wino.

Mwisho nikaweka kitu cha kumchekesha, maana mtu akicheka ameelewa. Nimemweleza kanuni kwamba anayekasirikia utani hulipa kuku. Nikamwambia Sista kwa kuwa ni wazi amekasirika, anadaiwa jogoo mmoja, na nitakuja kumchukua mwenyewe. Na nikamkumbusha kwamba ofa ya kumnyooshea barua zake bure ingalipo.

Mama yako ametia sahihi. Aliuliza pameandikwa nini, nikamwambia pameandikwa upendo. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa safarini, nimemtilia mimi.

Nilimsomea Mabruki barua yote kwa sauti. Akasema inatisha. Nimeipokea kama sifa.

Desemba nitakuja bila ngoma. Nitavaa suti.

Binamu yako,
Valentino


Nyumba ya Wanovisi,
Njia ya Kaliua
30 Agosti 2024

Ndugu Valentino,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nakurudishia barua yako ya Kiingereza. Nimeiwekea alama nyekundu kurasa zote nne, na pembeni nimeandika sababu ya kila moja. Njia hiyo nimefundishwa mezani, mbele ya watu. Makosa mengi ni ya kawaida. Sahihi ya mwenyekiti wa jumuiya, iliyoandikwa kwa mwandiko wako, nimeizungushia duara.

Halmashauri imeamua Koleta Raymundi asifunge nadhiri. Atarudi nyumbani Jumamosi. Naomba asipokelewe kwa ngoma.

Umenieleza utani wa mabinamu kwa kirefu, kana kwamba mimi nimeshuka kutoka mwezini. Nimezaliwa Usoke. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi na mama yangu Mnyamwezi. Binamu yangu aliniita mke wake tangu nikiwa sijaota meno, na siku ya nadhiri zangu alisimama mlangoni mwa kanisa akakataza watu wasipite, mpaka baba akampa kuku. Kila mtu alicheka. Nami nilicheka, maana alinitania mimi, hakunisomesha.

Halmashauri waliniuliza kama kweli desturi hiyo ipo. Niliwajibu kwa maandishi, kwa Kiingereza, ndiyo lugha yao. Koleta alikuwa bandani, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuninyooshea. Huenda ndiyo sababu hawakunielewa.

Sasa hivi ananiomba nimsaidie kujaribu shirika lingine. Kwa umri wake, na kwa kurudishwa, hakuna atakayempokea bila barua yangu. Nitaiandika, na itakuwa nzuri, maadamu yeye anaendelea kuamini kwamba aliyemrudisha nyumbani ni wewe na mdomo wako. Hilo si uongo mkubwa. Siku nitakayosikia amepewa maelezo mengine, barua hiyo sitaiandika, au nitaiandika kwa Kiingereza changu cha zamani.

Kuhusu jogoo, njoo umchukue siku yoyote. Kanuni ni kanuni.

Katika Kristo,
Sista Bernadeta


Ng'ambo, Tabora
4 Septemba 2024

Sista Bernadeta,

Nimeisoma. Nilitaka kuja na basi la kwanza, na si kwa ajili ya jogoo. Majidi alinishusha kwa nguvu, akasema nikapoe.

Nimepoa. Koleta hataiona barua yako. Nitasema ulivyotaka niseme.

Andika hiyo barua yake. Andika vizuri, mama. Nakuomba.

Valentino Shigela


Ng'ambo, Tabora
23 Septemba 2024

Koleta,

Kila nikija Itetemia mama yako ananiambia umelala. Mchana, umelala. Jana nilikuona kwa macho yangu unatwanga, na mama akasimama mlangoni akasema umelala. Basi naandika, hii ataipokea yeye akupe. Na hiyo michembe ya viazi ni ya kwenu wote, mchemshe na karanga.

Ni mdomo wangu, Koleta. Uliniambia nipunguze nikaongeza. Uliniambia Kiswahili nikaandika Kiingereza. Sina cha kujitetea, na unajua mimi huwa sikosi cha kujitetea.

Sista Bernadeta hana hatia. Watu wa kwao hawana utani, angejuaje? Nimepata barua yake, ni mama mwenye huruma. Alijitahidi kuwaeleza wakubwa wake, Kiingereza kikamshinda, basi. Wewe mwenyewe unakijua Kiingereza chake. Ameniambia atakuandikia barua ya kukupeleka shirika lingine. Ipokee kwa mikono miwili. Mshukuru. Usianze kumuuliza nini kilitokea, mtu mzima akikufanyia wema humkalishi kitako kumhoji.

Duka lipo. Kibao nimekishusha, sasa natoa kopi na kuuza madaftari. Mabruki anasema nimekuwa mpole, wateja wananiogopa.

Nilitaka pale juu niandike mke wangu, kalamu ikagoma. Mimi, niliyemwita mke wangu hata mama wa forodha ya Kasumbalesa, akanipigia muhuri!

Nakuomba kitu kimoja. Njoo unitukane. Njoo dukani, au sokoni, mahali penye watu wengi, unitukane tangu nywele mpaka kucha. Niite mwizi wa ng'ombe wa jirani. Niite msomi wa kidato cha pili. Mtukane na marehemu babu, anastahili. Sitajibu. Nitasimama tu nikusikilize, na nikitoka hapo nitalala usingizi.

Valentino


Itetemia, Tabora
14 Aprili 2025

Kaka Valentino Shigela,

Shikamoo.

Natumaini wewe ni mzima, na shughuli zako zinaendelea vizuri. Sisi hapa hatujambo.

Nakuandikia kukujulisha kwamba nimepokelewa na shirika lingine, kule Ujiji. Naondoka kwa treni baada ya Pasaka. Naanza upya kabisa, tangu mwanzo, pamoja na wasichana niliowahi kufundisha watu wa rika lao.

Barua ya Sista Bernadeta ndiyo iliyonifungulia mlango. Mama mlezi wa Ujiji alinisomea mwenyewe, na alipomaliza alifuta macho. Imeandikwa kwa Kiingereza. Mle ndani kuna sentensi moja imekaa vibaya, niliisikia mara ile ile. Nikanyamaza. Hilo ndilo nililojifunza kwa Sista, na namwombea kwa jina lake kila asubuhi. Nisingekuwa na mtu kama yule, baada ya yaliyonipata nisingemwamini tena mtu yeyote mwenye vazi lile.

Uliniomba nikutukane. Sina sababu ya kukutukana, kaka. Wewe umenitangulia kuzaliwa, ni mtoto wa shangazi yangu, na nakuheshimu. Mama anakushukuru kwa michembe. Naomba uendelee kumtazama, kwa kuwa atabaki peke yake.

Kule niendako wanasema barua za wanovisi hazifunguliwi na mtu. Hata hivyo naomba usiniandikie.

Wako kwa heshima,
Koleta Raymundi